Muulize Shangazi: Saa 19 za Hakone

Shikamoo Shangazi. Mwezi wa 11 mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na watoto wametuchangia safari ya Japani. Usiku mmoja tutalala kwenye hoteli ya chemchemi za maji moto huko Hakone, milimani, kando ya Ziwa Ashi. Nilipoiona bei nilikaa chini. Mpango ni tushinde Kyoto, tuingie hotelini saa 3 usiku, asubuhi saa 1 tuwe njiani kwenda Tokyo. Hilo si shida. Shida ni kwamba nimeambiwa watu huoga pamoja bila hata uzi mwilini. Mimi ni mtu wa stara, Shangazi, hata dada zangu hawajapata kuniona. Tena mzee ana presha, na nyumbani kwetu hatuli nguruwe wala hatugusi pombe. Tughairi?
Mama Stara

Marahaba, mwanangu, na hongereni. Msighairi. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili, na lile ulilolipita mbio ukasema si shida, ndilo shida yenyewe: hiyo saa 3 usiku.

Hoteli za namna hii si mahali pa kutupa mabegi na kulala. Bei iliyokukalisha chini kwa kawaida huhesabiwa kwa kichwa, si kwa chumba, na ndani yake mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Chumba hufunguliwa kama saa 9 alasiri, meza ya jioni huandaliwa saa 12 au saa 1, na kesho yake mnatoka saa 4 asubuhi. Piga hesabu: saa 19. Ninyi mnataka kutumia 10, nyingi katika hizo mkiwa mmelala. Ziwa hamtaliona, maji mtayaingia mara moja kwa haraka, na chakula mlichokilipia kitakuwa kimeshafungiwa jikoni.

Nayasema kwa sababu yalinifika. Safari yangu ya kwanza tulikosea treni tukafika saa 2 na nusu usiku, mvua inanyesha. Mama wa mapokezi aliinama akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake, kisha akatwambia mpishi ameshaondoka. Tulikula biskuti. Nimekaa juu ya mikeka ile ya tatami inayonukia nyasi kavu, dirisha zima ni ziwa ambalo silioni kwa giza, tumbo linanguruma, na mume wangu ananiuliza tena tumelipa kiasi gani.

Kwa hiyo mlale Kyoto usiku uliotangulia, na asubuhi muiage. Treni ya kasi mtashuka Odawara. Lakini angalieni msipande ile iitwayo Nozomi, maana haisimami pale, itawapitiliza hivi hivi mkiwa mnapunga mkono. Chukueni Kodama, au Hikari zile zinazosimama. Kutoka Odawara hadi Hakone-Yumoto ni robo saa hivi, halafu kuna basi la kupanda mlima hadi ziwani. Njia ndefu yenye raha ni kuendelea na treni ndogo inayopanda ikigeuka mbele nyuma, mbele nyuma, hadi Gora, kisha treni ya kamba, kisha vibanda vinavyoning'inia juu ya bonde la Owakudani linalofuka moshi, mshuke Togendai ukingoni mwa ziwa mpande meli. Tamu sana, lakini vibanda hivyo hufunga jioni mapema, na upepo au gesi ya volkano ikizidi husimamishwa. Mabegi makubwa yatumeni moja kwa moja Tokyo kwa huduma ya kusafirisha mizigo, mbaki na mkoba wa usiku mmoja. Hoteli yenu ya Kyoto itawafanyia.

Sasa stara. Ulilosikia ni kweli, lakini umesikia nusu. Katika mahoteli haya wanaume wana bwawa lao na wanawake lao, na nguo za kuogelea kwa kawaida haziruhusiwi. Kanga pia haiingii majini, usijitie. Unavua kila kitu kwenye chumba cha kubadilishia, unaweka kwenye kikapu, unabaki na kitaulo chembamba cha kujisitiri ukitembea. Ukifika ndani unakuta safu ya mabomba, kila bomba na kigoda chake, ndoo na sabuni. Hapo unakaa, unajisugua kila pahala, unajisuuza mpaka povu lote liishe. Bwawani mtu haendi kutakata. Anaingia akiwa ameshatakata. Nywele zifungwe juu zisiguse maji. Kile kitaulo nacho hakiingii majini. Wenyewe hukikunja wakakiweka utosini.

Na atakutazama nani? Hakuna. Mara yangu ya kwanza nilisimama nyuma ya mlango dakika nzima, nimejibana kama kuku aliyelowa. Nilipoingia walikuwamo wanawake watano. Bibi mmoja wa miaka 80 na kitu, mgongo umepinda, alikuwa akimsugua mgongo bintiye, naye binti mwenyewe ana mvi. Mwingine amefumba macho. Hakuna aliyegeuza shingo. Mvuke ni mwingi, na ukishazama hadi mabegani unakuwa kichwa tu kama wenzio. Nilikaa nikitazama ukungu unavyotambaa juu ya ziwa, mpaka nikasahau kuwa nilikuwa naogopa.

Lakini sikulazimishi. Kama moyo haukubali, au dini yako inakukataza kuonekana hata na wanawake wenzio, hoteli nyingi zina bafu la kukodi, kashikiri, ambalo mnafungiwa wenyewe kwa dakika 40 au saa nzima. Zipo pia zenye vyumba vyenye bafu lake la nje, kwenye veranda. Kwa miaka 25 ya ndoa, hicho ndicho ningekichukua mimi. Utaingia na mumeo, na anga yenu wenyewe. Nafasi hizo huisha mapema, basi waandikieni hotelini leo, si siku ya kufika.

Ukiamua kwenda kwa wenzio, chunga mapazia. Mlango wa wanawake kwa kawaida una pazia jekundu lenye herufi 女, kama mtu aliyekunja miguu. Wa wanaume pazia la buluu na herufi 男, ile yenye kijisanduku juu kilichokatwa msalaba. Hili hawakuniambia: hoteli nyingi hubadilisha pande hizo usiku, ili kila mgeni aonje mabwawa yote mawili. Jioni nilioga upande wa kulia. Alfajiri, macho mazito, nikaenda kulia kwa mazoea. Mkono umeshalishika pazia ndipo nikasikia mtu anakohoa ndani, kikohozi cha baba mzima. Kutazama juu, buluu! Nilirudi kinyumenyume ndara zikaniponyoka, moja ikabaki pale mlangoni. Sikuifuata.

Kuhusu presha ya mzee, daktari wake ndiye wa kwanza kuulizwa, kabla ya tiketi. Maji yale huwa nyuzi 40 hadi 42 hivi. Joto hilo hutanua mishipa na presha hushuka, ndiyo maana mtu huinuka ghafla akaona kiza. Baridi ya Novemba nayo haikusaidii: unavua nguo kwenye ubaridi, mishipa inajikaza na presha inapanda, kisha unajitumbukiza kwenye moto, inaporomoka. Mwili wa mtu mwenye presha haupendi mchezo huo. Basi ajimwagie maji ya moto kwa ndoo kwanza, kuanzia miguuni akipanda juu. Aingie hadi kiunoni, atulie, ndipo azame. Dakika 5 zinatosha, atoke, apumzike, akitaka arudi. Ainuke pole pole akishikilia ukingo. Anywe maji kabla na baada, asiingie tumbo likiwa limejaa, na asiingie peke yake. Hapo tena lile bafu la kukodi linakusaidia, utakuwa naye. Na kule Owakudani kwenye moshi wa salfa kuna mabango yanayowaonya wenye pumu, wenye maradhi ya moyo na wajawazito. Mwambie ayasome asijifanye kijana.

Chakula ni kigumu kuliko uchi, nakwambia kweli. Huletwa vijisahani kimoja baada ya kingine, samaki, mboga, supu, kila kimoja kama ua. Nguruwe utamwona ukamkwepa. Pombe huioni, maana imo ndani ya mchuzi: sake ya kupikia, yaani pombe ya mchele, na mirin, ambayo ni ya mchele, tamu, yenye kilevi, nayo huingia hata kwenye mboga. Ukisema siku ya kufika umechelewa, mpishi ameshanunua na ameshapika. Semeni mnapothibitisha chumba, kwa maandishi, mkitaja kimoja kimoja: nguruwe, sake, mirin. Nyama nyingine pia ikiwa mnataka ya halali tu. Baadhi ya hoteli watakubali, baadhi watakwambieni waziwazi hawawezi, na jibu hilo nalo ni zuri kulipata mkiwa bado nyumbani.

Mengine madogo. Vazi la yukata, joho jepesi la kufunga kwa mshipi, mtakalolikuta chumbani ndilo la kutembelea ndani ya hoteli, hata kwenye chakula. Upande wa kushoto uje juu ya wa kulia, maana kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti. Bakshishi si desturi. Kwenye risiti mtakuta kodi ya kuoga, kwa kawaida yen 150 kwa mtu, hamjaibiwa. Na kabla ya kuoga vueni mapambo yote ya fedha, pete, bangili, mikufu. Bangili ya marehemu bibi yangu ilikuwa nyeupe jioni, asubuhi nyeusi kama sufuria ya kuni.

Shangazi, mimi mgumu kuamini. Nitajuaje kama maji ni ya chemchemi kweli na si ya bomba yaliyochemshwa? Na kama ni ya ziwa, mbona ziwa lenyewe ni baridi?
Msomaji wa Kudumu

Ugumu wako una haki, mwanangu. Mwaka 2004 palizuka kashfa Japani: baadhi ya sehemu zilikutwa zikitia unga wa rangi majini ili yaonekane ya asili. Mwaka uliofuata kanuni zikakazwa. Leo kwenye chumba cha kubadilishia nguo tafuta karatasi iliyobandikwa ukutani. Inaeleza yaliyomo majini, na kama yameongezwa maji mengine, yamepashwa moto, yanazungushwa upya au yametiwa dawa. Maneno ya kutafuta ni gensen kakenagashi: maji yanatoka kwenye chanzo, yanapita bwawani, yanamwagika yakaenda zake.

Ila jua kwamba sheria yao ya mwaka 1948 haikudai maji yachemke. Yakitoka ardhini na nyuzi 25 yanatosha kuitwa onsen, yaani chemchemi ya maji moto, na hata yakiwa baridi zaidi yanakubalika ikiwa yana kiasi kilichowekwa cha mojawapo ya vitu 19 vilivyotajwa kwenye sheria. Kwa hiyo kupashwa moto si wizi. Wizi ni kuficha.

Na ziwa halihusiki. Ziwa Ashi limekaa ndani ya bonde la volkano, mita 700 na kitu juu ya usawa wa bahari. Yapata miaka 3,000 iliyopita mlima uliporomoka ukaziba mto, maji yakajikusanya. Ni mto uliozibwa tu, kwa nini usiwe baridi? Moto uko chini ya mlima, na haujazimika. Mwaka 2015 Owakudani ililipuka kidogo, wageni wakazuiwa kwa muda mrefu. Hapo hapo Owakudani mvuke wa volkano hukutanishwa na maji, yakapatikana maji moto yenye madini, yakashushwa kwa mabomba hadi mahotelini. Kwa hiyo bomba lipo, ulikisia vizuri. Linaanzia volkanoni.

Eti mayai meusi ya Hakone yanaongeza umri kwa miaka 7? Mke wangu ameagiza kumi na mbili.
Baba Mwenye Haraka

Ndivyo wasemavyo wenyewe, kila yai miaka 7. Ni mayai ya kuku ya kawaida, huchemshwa kwenye maji ya Owakudani. Chuma kilichomo majini hushika kwenye ganda, gesi ya salfa, ile ile iliyoila bangili yangu, hukigeuza kikawa cheusi. Ukimenya, ndani ni yai jeupe kama la nyumbani. Mimi nilikula mawili, nadai miaka 14. Mwambie mkeo ale akiwa huko huko, yangali moto.