Jibu: Filta ya tangi la mbuna 30

Ndugu yangu wa Kisauni, umeuliza kama filta ya lita 600 kwa saa yatosha tangi la samaki la lita 300 lenye mbuna 30, wale samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa. Haitoshi hata kidogo. Hiyo huzungusha maji mara 2 tu kwa saa, na namba ya kwenye boksi hupimwa filta ikiwa tupu. Sponji ikishaanza kushika uchafu, mkondo unalegea. Kwa msongamano huo mimi ningelenga mara 8 hadi 10, yaani lita 2,400 mpaka 3,000, tena kwa filta mbili. Moja ikizima usiku, nyingine itawashikilia.

Na joto letu hili! Maji yakipata moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hivyo elekeza mdomo wa filta juu, uso wa maji utibuke.

Sponji usiioshe kwa maji ya mfereji. Mimi niliisuuza hivyo mpaka ikawa safi pe, siku ya tatu samaki wote wako juu wanatweta: klorini ya mferejini ilishaua bakteria wa kwenye sponji wanaokula amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Siku hizi naikamulia kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Naitreti, ile inayobaki bakteria wakishaila amonia, filta haiitoi; hiyo huondolewa kwa kubadilisha maji kila wiki, kama thuluthi hivi.