Mafundo kwenye mti wa upinde: usiyarande, yafuate

Ndugu, umesema una kipande cha mforosadi cha kutengenezea upinde, chenye mafundo matatu: moja kwenye mshiko, moja katikati ya mkono wa chini (nusu ya upinde iliyo chini ya mshiko), tena ukingoni na katikati yake peusi, na jingine dogo karibu na ncha. Unauliza uyarande yalingane na mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, au ukitupe kipande utafute kingine. Kwangu jibu ni hapana kwa yote mawili. Pinde ninazozipenda zaidi kati ya nilizotengeneza zina mafundo.

Kuranda ndiko kulikonivunjia upinde wangu wa pili. Mgongoni palikuwa na kinundu, nikaona kinaharibu sura, nikakipitisha randa hadi mgongo ukanyooka kama rula. Nilipoufunga ugwe, ile kamba ya upinde, ulipiga vizuri siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa nimekaribia kuuvuta hadi mwisho, kibanzi kilinyanyuka palepale penye fundo na mkono wa upinde ukakatika. Niliokota vipande nikavitazama kwa muda mrefu. Kuzunguka fundo nyuzi zote zilikuwa zimekatwa, ncha zake wazi, hakuna hata moja iliyopita nzima kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Fundo ni sehemu ya tawi iliyozama ndani ya shina. Nyuzi za mti zikilifikia hugawanyika, hulipita kando kama njia ya miguu inavyozunguka kisiki, kisha hukutana tena mbele. Zikipita hapo hupanda kidogo, ndiyo maana unaona kinundu. Sasa kumbuka kazi ya mgongo: ndio unaonyooshwa kwa nguvu upinde ukivutwa, wakati tumbo, upande unaokutazama wewe, linagandamizwa. Uzi uliokatwa mgongoni hauna tena cha kubeba, na mzigo wake unawaangukia majirani. Kwa hiyo mgongo uwe pete moja ya mwaka, yaani tabaka moja la mti lililokua kwa mwaka mmoja, nzima, kutoka ncha hadi ncha. Pete ikipanda juu ya fundo, nawe panda nayo.

Kwa mforosadi una bahati, maana kati ya pete na pete kuna tabaka jembamba lenye vitundu vingi. Chuma kikilifikia utasikia sauti inabadilika, inakwaruza, na mkono wako unahisi ukavu fulani. Shuka na kisu cha mikono miwili hadi kwenye pete uliyoichagua, lakini ukibakiza kama vidole viwili kulifikia fundo, simama. Acha pale kisiwa cha mti. Maliza sehemu nyingine zote kwanza, halafu urudi kwenye kisiwa na kipande cha chuma cha kukwangulia au kisu kidogo, ukipunguza taratibu kutoka pembeni kuelekea juu ya fundo. Ukiona chuma kinang'oa badala ya kukwangua, geuza upande. Kisiwa kimoja huweza kunichukua jioni nzima. Palipobaki unene wa pete moja ya ziada juu ya fundo, mimi huacha hivyohivyo.

Mbinu hii ni ya zamani sana. Katika mabaki ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama 1545, zilipatikana pinde zaidi ya 130 za mti wa yu (yew), na mafundi wake waliacha mti umetuna juu ya mafundo.

Tuje kwenye lile la ukingoni, ndilo la hatari. Fundo lililokatwa nusu na ukingo ni baya kuliko fundo zima, kwa sababu upande wa nje hakuna nyuzi zinazolizunguka. Chukua penseli, fuata nyuzi kwa jicho, uchore mstari wa ukingo upya. Ama fundo lote libaki ndani likiwa na milimita kadhaa za mti mzima upande wa nje, ama lote litoke nje pamoja na takataka. Kama kipande chako kina upana wa kutosha, mimi ningelitoa. Usiogope mkono ukionekana kama nyoka. Upinde hauhitaji kuwa mnyoofu, mradi ugwe upite pale unapotakiwa kwenye mshiko.

Likibaki ndani, acha mkono utanuke pale. Ongeza upana, usiongeze unene. Ukizidisha upana mara mbili ugumu unaongezeka mara mbili, lakini ukizidisha unene mara mbili ugumu unapanda mara nane. Ukiacha nundu nene tumboni, fundo halitapinda kabisa, na kazi yote itaangukia sehemu mbili zilizo kandokando yake. Hapo ndipo upinde hujikunja kama bawaba. Unene ufuate mawimbi: mgongo ukipanda, tumbo nalo lipande, na penye fundo ubaki unene wa unywele tu wa ziada.

Huo weusi wa katikati uchokonoe kwa ncha ya msumari. Ukiwa mgumu, uache. Ukiwa laini au ukimomonyoka, toa uozo wote hadi kwenye mti mzima. Tundu safi halina ubaya kama uozo. Unaweza kulijaza kwa vumbi la mbao na gundi ya epoksi ili unyevu usiingie, lakini usitegemee kijazio kibebe chochote. Wanaobeba ni nyuzi za pembeni. Juu yake mimi huzungushia uzi wa kano au wa kitani uliolowa gundi, hasa fundo likiwa katikati ya mkono kama lako, ambapo mkunjo ni mkubwa.

Wakati wa kuufunza upinde kupinda, jicho litakudanganya hapo penye mtuno. Tumia kijiti kilichonyooka cha urefu wa kiganja, ukipitishe tumboni upinde ukiwa umevutwa kidogo, utazame mwanya ulio chini yake. Penye fundo mwanya uwe mdogo kuliko kwingine. Usikwangue pale ili kuusawazisha. Kwangua mbali zaidi. Na kila ukiuvuta sentimita chache zaidi, kagua kingo za fundo kwenye mwanga wa pembeni. Ukiona mstari kama wa kalamu, ufungue ugwe papo hapo.

Fundo la mshikoni lisikusumbue, hapo hapapindi. La karibu na ncha, kama ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho na ni gumu, liachie tu upana kidogo uendelee na kazi.