Nina mimba na natumia dawa ya thairoidi, niache?

SWALI: Habari daktari. Niko na mimba ya wiki 8, naishi Nyalenda hapa Kisumu. Tezi yangu ya thairoidi inafanya kazi polepole, so kila asubuhi nameza levothairoksini. Juzi kliniki walinipa vidonge vya kuongeza damu, nameza zote mara moja na chai. Sasa mama mkwe anasema dawa zitaharibu mtoto, niache mpaka nijifungue. Nifanyeje?

JIBU: Dada, tafadhali usiache hiyo dawa. Mama mkwe anakujali na ni kweli ziko dawa za kuogopa ukiwa na mimba, lakini hii ni homoni ileile tezi yako ingetengeneza yenyewe kama ingekuwa na nguvu. Mtoto sahii anategemea yako, tezi yake huanza kutengeneza homoni karibu wiki ya 12 na kushika kazi vizuri ni mpaka wiki ya 18 ama 20 hivi, na ubongo hausubiri, unajengwa tangu mwanzo. Upungufu usipotibiwa, hatari ya mimba kutoka, presha ya mimba na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati inapanda.

Tena wengi huhitaji dozi iongezwe kwa robo hivi ama zaidi kidogo, na mapema. Usingoje kliniki ya mwezi ujao, mtafute aliyekuandikia dawa wiki hii, upimwe TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inakutosha, tunataka iwe chini ya 2.5. Halafu urudie kila wiki 4 mpaka katikati ya mimba, na tena karibu wiki ya 30.

Kinachonipa wasiwasi sana ni hiyo kumeza zote mara moja na chai asubuhi. Madini ya chuma kwa vidonge vya damu hushikana na levothairoksini tumboni, inapita bila kuingia kwa damu, unaweza kumeza kila siku na kipimo bado kikatoka kibaya. Ukiamka meza na maji tupu, kaa nusu saa ama saa moja ndio unywe chai. Vidonge vya damu peleka jioni, yapite angalau masaa 4, na ukipewa kalsiamu ni hivyo hivyo.

Ukijifungua, kawaida dozi hurudishwa ilivyokuwa kabla ya mimba, unapimwa tena baada ya wiki 6 hivi. Kunyonyesha endelea tu, dawa haina shida. Na kliniki ijayo nenda na mama mkwe, amuulize nesi mwenyewe.