Sungura anakojoa kwenye sofa. Nimpe dawa gani?

SWALI: Daktari, hujambo? Nina sungura dume, mweupe, aina ya New Zealand, ana miezi mitano. Tunaishi naye ndani ya nyumba, chumba kimoja na sebule, huku Kasarani. Hapo awali alikuwa anakojoa kwenye kona moja tu ya jikoni. Siku hizi ni sofa, ni kitanda cha watoto, na juzi alinizunguka miguu akanirushia mkojo kwenye leso. Nilimnunulia mchanga wa paka, lakini analala juu yake tu. Jirani anasema nimshike shingo nimsugue pua kwenye mkojo wake, halafu nimnyime maji usiku. Kwenye agroveti nimeuziwa unga wa antibiotiki ya kuku wa kutia kwenye maji yake. Kuna dawa yoyote itakayomfundisha? – Mama wa watoto watatu, Kasarani

JIBU: Hakuna dawa ya namna hiyo, mama, na huo unga uumwage leo. Nitaurudia. Kwanza tumalizane na hili la kumsugua pua, maana naulizwa kila mara na ushauri ni ule ule: mshike shingo, mwonyeshe uchafu wake, mzabe kofi kidogo, atajua.

Hatajua. Sungura hutambua mahali pake kwa harufu. Ukimsukuma pua kwenye mkojo wake mwenyewe, unamthibitishia kwamba hapo ni pake na anaweza kurudi. Na kofi? Huyu ni mnyama aliyezaliwa kuwindwa. Mkono unaomshukia kutoka juu kwake ni mwewe. Hawezi kulihusisha kofi la sasa na mkojo wa dakika kumi zilizopita. Atakachokumbuka ni kwamba wewe ni hatari, na sungura mwenye hofu hujificha nyuma ya friji na kukojoa huko huko.

Kuna baya zaidi. Misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa yake. Akining'inizwa kwa shingo bila kushikiliwa makalio, teke moja la woga linatosha kuvunja uti wa mgongo karibu na nyonga. Aliyevunjika hapo hupooza miguu na mara nyingi hawezi tena kuzuia mkojo wala kinyesi. Naomba umwambie jirani hivyo hivyo.

Kumnyima maji nako ni hatari tupu. Sungura hunywa kati ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo dume wa kilo tatu na nusu anaweza kumaliza nusu lita. Mwili wake hufyonza kalsiamu nyingi kutoka kwenye chakula na kuitoa kwa njia ya mkojo. Ule unga mweupe unaouona mkojo ukikauka kwenye tilesi ndio huo. Maji yakipungua, kalsiamu hutuama kibofuni kama tope, na tope huweza kuwa mawe. Chakula nacho hukauka tumboni, utumbo ukasimama. Weka maji usiku na mchana, kwenye bakuli zito asiloweza kulipindua.

Sasa tuje kwa dume wako. Alikuwa ameshajifundisha choo mwenyewe, kwenye kona ya jikoni. Kilichobadilika ni umri: amebalehe. Mkojo wa haja huwa dimbwi moja mahali tambarare. Mkojo wa alama hurushwa matone matone ubavuni mwa sofa, ukutani au kwa mtu, na harufu yake ni kali. Huko kukuzunguka miguu ni uchumba. Trei ya choo hata iwe nzuri kiasi gani haiwezi kuzuia alama za dume aliyebalehe. Kinachozizuia, kwa wengi, ni kuhasiwa, na kwa umri wa wako tayari inawezekana. Usitarajie matokeo kesho yake. Homoni huchukua wiki kadhaa kupungua, na kwa wiki nne hadi sita baada ya upasuaji bado anaweza kumpa jike mimba, kwa hiyo usimchanganye naye.

Haja yenyewe unaweza kuanza kuirekebisha leo. Chukua beseni la plastiki la mstatili, karibu sentimita 40 kwa 60, kwa kuwa aina hii hufika kilo nne hadi tano na lazima aweze kugeuka ndani. Kuta ziwe sentimita 12 hivi. Upande mmoja upunguze kwa kisu awe na mlango, kisha lainisha makali yake. Tandika magazeti tabaka sita au nane, juu yake nyasi kavu za boma rhodes, konzi mbili tatu. Nyasi za kula zirundike ncha moja ya beseni, au zitundike ukutani juu yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea: trei wanaiweka huku, chakula kule. Sungura hunya akiwa anakula. Asipokuwa na nyasi za kutafuna pale ndani hana sababu ya kukaa humo, na ndiyo maana wako anaufanya mchanga kitanda.

Beseni liweke kona ile ya jikoni aliyoichagua mwenyewe. Futa mkojo wa mahali pengine kwa karatasi ya shashi, uitupie karatasi hiyo kwenye beseni pamoja na vidonge vya kinyesi unavyookota. Kwa wiki mbili za mwanzo mzungushie uzio mdogo, kama mita moja na nusu kila upande, beseni likiwa ndani. Uhuru wa nyumba nzima ndio unaomvuruga. Akitumia beseni siku tatu nne mfululizo, mwongezee nafasi kidogo. Akianza kukosea, irudishe nyuma. Badilisha matandiko kila siku au kila baada ya siku mbili, ukiacha nyasi kidogo zenye harufu yake. Vidonge vikavu vichache sakafuni usivihangaikie, vifagie tu.

Sofa na sakafu pangusa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Siki huyeyusha ule weupe na kupunguza harufu inayomrudisha. Usimwage Jik juu ya mkojo: klorini ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma mapafu, yake na ya watoto.

Mchanga wa paka uondoe, hasa ule unaogandamana ukilowa. Sungura hutafuna anachokalia, na ukimezwa huvimba na kuziba utumbo. Vumbi la mbao la bure kutoka kwa fundi seremala pia hapana. Mbao nyingi za Nairobi ni saipras na paini. Zikiwa mbichi harufu yake huwasha njia ya hewa, na huwezi kujua kama mbao hizo zilipakwa dawa ya mchwa.

Ushauri mwingi mbaya hutoka kwa wafugaji wa sungura wa nyama, ambao hawana nia mbaya. Kwao kizimba huwa na sakafu ya waya ili mkojo ushuke na kukusanywa uuzwe kama mbolea. Kwao hilo lina maana. Kwako, waya utamchubua nyayo hadi zitoke vidonda, na atajifunza kukojoa popote alipo.

Sasa ule unga. Muuzaji asiyemwona mnyama, asiyeuliza uzito wake, anakuuzia antibiotiki ya kuku kwa sababu ya tabia! Sungura wengi huona ladha yake mbaya, wakapunguza kunywa, na tope la kibofu nililolitaja likaanza. Hata hivyo una bahati kama haikuwa amoksilini. Amoksilini, penisilini na linkomaisini zikipitia mdomoni mwa sungura huua bakteria wema wa utumbo wake, wale wenye sumu wakatawala, na mnyama anaweza kuharisha na kufa katika siku chache. Vidonge vilivyobaki baada ya mtoto kuugua kifua visimguse. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil pia ni sumu kwake.

Kuna dalili ambazo si tabia wala alama: kujikamua bila mkojo kutoka, manyoya kulowa katikati ya miguu, au aliyezoea trei kuiacha ghafla bila kuwa amebalehe. Huyo ni mgonjwa. Mkojo mwekundu unaweza kuwa rangi ya chakula au damu, na kipimo ndicho kitakachotofautisha. Asiyekula kwa saa 12 apelekwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuhasi, usikubali pete ya mpira wanayotumia kwa mbuzi, wala mtu wa kukata bila dawa ya usingizi kwa bei nafuu. Sungura huweza kuzirudisha korodani tumboni, pete ikabana ngozi tu, na maumivu peke yake yanatosha kumfanya aache kula. Tafuta daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kisha muulize maswali mawili kabla ya kukubaliana bei: sungura wangapi amewafanyia, na chakula kisimamishwe saa ngapi. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo hafungi kama mbwa; nyasi aendelee nazo hadi muda mfupi kabla ya upasuaji na arudishiwe mara tu akiamka. Ukiambiwa alale njaa usiku kucha, mchukue sungura wako ukatafute daktari mwingine.