Bima imegoma kulipia dawa ya presha ya mama
Dada pole sana. Kama nimekuelewa, bima imegoma dawa ya presha ya mama, mfamasia kakupa ya jina jingine bei nafuu na sasa unaogopa ni feki. Weka boksi la zamani na jipya pamoja, achana na lile jina kubwa, soma maandishi madogo chini yake, hapo ndipo lilipo jina la dawa yenyewe. Kama yote yanasema amlodipine 5 mg basi ni dawa ileile, imeshuka bei kwa sababu kampuni ya kwanza haki yake ya kutengeneza peke yake ilishaisha, ila mamlaka ya dawa haisajili dawa za kampuni nyingine mpaka zionyeshe dawa yao inaingia kwenye damu sawa na ile ya mwanzo. Cheki tu imesajiliwa na haijaisha muda. Ingekuwa ya kifafa au warfarin (ya kuzuia damu kuganda) ningekwambia usibadili kabla hujaongea na daktari, hizo tofauti kidogo tu ni shida.

Bima nao waombe orodha ya dawa wanazolipia, mpelekee daktari achague humo au aandike barua kwa nini mama anahitaji ileile. Na tafadhali asije akaanza kukata vidonge nusu ili visogee, mama yangu alifanya hivyo kimyakimya, tulikuja kujua presha imeshapanda vibaya.