Kairopraktiki kwa shida za kabla ya hedhi: dada wa Kondele, usitume hiyo pesa

Nimesoma swali lako nikiwa ndani ya matatu ya Lanet nikashindwa kungoja nifike nyumbani. Umesema wiki moja kabla ya siku zako tumbo linafura, matiti yanauma, mgongo unakata, watoto unawakasirikia mpaka unajiogopa, na sasa kuna kliniki ya kairopraktiki hapo Kisumu inataka 48,000 ya kunyooshwa mgongo mara 24, ukilipa zote mara moja wanakupunguzia. Unauliza kama ni salama, mara ngapi zinatosha, na chai gani inasaidia.

Usilipe. Mimi nililipa.

45,000, hapa Nakuru, mwaka juzi, pesa ya chama zamu yangu ilipofika, na ilikuwa ya shule ya kijana wangu. Nikapigwa eksirei, yule bwana akaiweka kwa taa akachora mstari na kalamu nyekundu, ati unaona hapa kiunoni umepinda, mishipa inayoenda kwa kizazi imebanwa, ndio maana hedhi ikikaribia unakuwa hivyo. Mtu akishakuonyesha mifupa yako mwenyewe utabisha na nini? Na ukutani wamebandika hadithi ya Palmer wa Marekani, vile mwaka wa 1895 alisukuma mfupa wa mgongo wa mtu asiyesikia, ati akaanza kusikia, na kairopraktiki yote ikaanzia hapo. Nikasoma nikaamini, sikujiuliza hata mara moja masikio na kizazi vinakutana wapi.

Miezi mitatu, Jumanne na Ijumaa. Sitakudanganya, mgongo ulikuwa unalegea na usiku huo nalala vizuri. Lakini uchovu ulizidi kila wiki, nikipanda ngazi za kazini moyo unadunda kama nimekimbia kutoka Njoro, nikiinama kufunga kiatu naona giza. Nikamwambia. Akasema huo ni mwili unajirekebisha, niongeze mara nane. Mara nane! Hajaniuliza damu inatoka siku ngapi, hajaniuliza nabadilisha pedi baada ya muda gani. Mwanamke amekuletea shida ya hedhi, umemshika mgongo miezi mitatu, na neno hedhi ulilitaja siku ya kupokea pesa tu! Hiyo hasira sijaimaliza mpaka leo.

Nikaanguka stage. Mama wa mboga ndiye alinishika na kunitafutia boda ya kunipeleka hospitali, Mungu ambariki. Huko nesi mmoja mpole akaniuliza swali dogo sana: hizo dalili zako huanza siku ya ngapi, na huisha lini? Nikakosa jibu. Nilikuwa nimelipa 45,000 kwa shida ambayo hata siku zake siwezi kutaja. Kupima kiwango cha damu (hemoglobini), 7.4, na mwanamke asiye na mimba anafaa kuwa 12 kwenda juu. Skani ikaonyesha faibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, kumbe ndizo zilikuwa zinanimaliza damu huku mimi nikinyooshwa.

Sasa sikia vile huyo nesi alinifundisha. Shida za kabla ya hedhi zina ratiba. Zinakuja yai likishatoka, wiki moja au mbili kabla ya damu, na damu ikianza zinaondoka kwa siku chache, halafu lazima upate siku kadhaa uko sawa kabisa. Ukiwa umechoka au una huzuni mwezi mzima, hapo kuna kitu kingine, inaweza kuwa damu imepungua, inaweza kuwa thairoidi, ile tezi ya shingoni, inaweza kuwa mfadhaiko. Na hiyo ratiba inafuata homoni na vile ubongo unazipokea, haifuati mfupa. Huwezi kuijua kwa eksirei, utaijua kwa kuandika. Nunua daftari la shule, kila jioni weka 0 mpaka 3 kwa tumbo, matiti, mgongo, hasira, usingizi, uchovu, na siku za damu uzizungushie. Andika hata siku uko sawa, hizo ndizo daktari anazitafuta. Miezi miwili mfululizo, kwa sababu mmoja unadanganya. Halafu ubebe daftari uende nalo hospitali. Wifi yangu wa Molo alifanya hivyo, ikaonekana ni hiyo shida kweli, akaandikiwa dawa anazomeza zile wiki mbili za mwisho kabla ya damu tu, na sasa watoto wake hawamkimbii.

Cha kukufanya usingoje miezi miwili ni pedi kujaa kila saa, kuanguka kama mimi, au hiyo hasira ikigeuka kuwa mawazo ya kujidhuru au kuumiza mtoto. Hapo nenda leo.

Chai, kama damu yako iko chini usinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Hayo mengine wengine watakujibu, mimi nataka tu ununue daftari.

Na yule msichana wa mapokezi akikupigia ati ofa inaisha Ijumaa, mwambie bado unaandika. Mimi nilipigiwa hivyo hivyo mwezi wa tatu, na mwezi wa nane nikipita hapo nje hiyo ofa ilikuwa bado imebandikwa mlangoni.