Kubeba bastola New York bado si rahisi

Ndugu, ulisema tangu 2022 kila mtu anabeba bastola New York. Siyo hivyo. Kilichoondolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka huo, katika kesi iitwayo Bruen, ni sharti la kueleza sababu ya pekee ya kubeba. Leseni yenyewe ipo palepale.

Uwe na miaka 21, ulete wadhamini 4 wa tabia, usomee saa 16 darasani na saa 2 za kufyatua risasi halisi, upate asilimia 80 kwenye mtihani wa kuandika. Ada ya polisi wa jiji ni dola 340, na ukinyimwa hairudi.

Tatizo kubwa ni mahali. Hata mwenye leseni haruhusiwi kuingia na bastola kwenye treni za chini ya ardhi, baa, bustani za umma, wala Times Square, eneo maarufu la katikati ya jiji, ambako vibao vimebandikwa kwenye nguzo. Sasa bila treni, jiji lile utalizungukaje? Hapo ndipo wengi hukwama, na kuibeba sehemu hizo ni jinai nzito.

Wageni ndio huumia zaidi. Leseni ya Florida au Texas haitambuliki, na hata ya kaunti nyingine ya jimbo la New York inahitaji kibali cha polisi wa jiji. Ukikamatwa nje ya nyumba na bastola yenye risasi bila leseni, kifungo kwa kawaida huanzia miaka 3 na nusu, na kinaweza kufika 15.